Nafasi ya Tatu, Karibu na Ukuta

Mama yangu alikuwa na hatua sitini. Hakupimiwa na daktari, kajipimia mwenyewe kwa magoti yake: hatua sitini na mkongojo, baada ya hapo magoti yanagoma na mwenyewe anagoma nayo. Kutoka mlango wa nyumba yetu, ndani ya Mji Mkongwe, mpaka kile kiwanja kidogo ambapo gari inaweza kufika, ni hatua khamsini na saba. Hizo ni mpaka nafasi ya tatu, ile iliyo karibu na ukuta, ambayo ndiyo inayotazamana na ujia wetu. Nimezihesabu mimi, mwalimu wa hesabu, tena kwa hatua zake yeye. Zinabaki tatu za kuingilia garini.

Basi kutoka nje kwa mama kulitegemea kiwanja chenye nafasi nane za kuegesha. Nikipata nafasi pale, mama anakwenda anakotaka. Nikikosa, gari naiacha Darajani, na Darajani kwa magoti yale ni safari ya kuchukulia chakula cha njiani. Kiti cha magurudumu nilimnunulia. Alikizunguka, akagusa mpira wake, akasema kizuri, kitafaa kuwekea nguo zinazongoja pasi. Mpaka leo kina nguo. Kubebwa ndiyo usimtajie kabisa. "Ntabebwa siku yangu ikifika," ananambia, "na siku hiyo sitajua nani kanibeba."

Mimi nakaa Mtoni, nyumba ina uwa na upepo, na nimemwambia mara ngapi ahamie. Hataki. Ati Mtoni kimya mno, mtu atakufa bila ya kujua nani kagombana na nani. Kwake yeye dirisha la juu, linalochungulia kiwanja, ni gazeti la asubuhi na la jioni.

Zamani kiwanja kile kilikuwa chini ya fundi saa. Hakuna aliyempa cheo. Ana meza yake yenye kioo hapo barazani, kazi yake kufungua saa za watu na kuzifunga, na kwa kuwa amekaa pale miaka yote, magari yakawa yake pia. Utaratibu ulikuwa mmoja: ukifika, gari unaiacha bila ya gia wala breki ya mkono, unakwenda zako sokoni. Akija mwengine, fundi anaweka chini bisibisi, anaita watu wawili barazani, wanaisukuma yako kidogo, ya jirani kidogo, mpaka kwenye nafasi nane zinakaa gari kumi na moja. Mimi nimewahi kuiacha yangu mbele ya duka la vitambaa, nikaikuta ng'ambo ya pili, imetazama kwengine, na paka kalala juu ya boneti. Na yeyote aliyesahau akavuta breki ya mkono, fundi alimsema mbele za watu mpaka akome.

Ilikuwa inafaa, sikatai. Ila ilikuwa bahati nasibu. Hujui mpaka ufike, na ukifika hujui utatoka saa ngapi, maana mwenye gari iliyokuziba yuko msikitini au yuko kwa mke wa pili. Siku moja nilimwambia mama ashuke, nipo njiani, nafasi itapatikana. Akashuka. Mimi nikakwama nyuma ya gari ya mchanga, kiwanja kimejaa pomoni, hata fundi kashindwa kusukuma. Mama akasimama pale mwisho wa hatua zake khamsini na saba, hana pa kukaa na hana hatua za kurudia. Akakaa chini. Mama yangu, mwenye buibui lake la kutokea, kakaa chini kwenye jiwe la mtaro, watalii wanampita na kumpiga picha. Nilipofika kwa miguu nilimkuta anatazama mkongojo wake tu.

Tulimrudisha ndani. Akasema, "Basi mwanangu. Mimi nshakuwa mtu wa ndani." Na hakutoka tena kwa miezi tisa.

Sasa mtu akiniuliza kwa nini nilishangilia zilipokuja zile nafasi za kisasa, jibu ndilo hilo. Wakubwa wa mji walileta watu, wakachora mistari myeupe na namba, moja mpaka nane, na katikati ya kila nafasi wakafukia kidude cha duara, kama kisahani cha chai. Kidude kinahisi kama juu yake pana kitu. Kama hapana, kwenye simu yako ile nafasi inaonekana kijani. Kama pana, nyekundu. Basi, mambo yenyewe hayo. Nikiwa jikoni kwangu Mtoni nafungua simu, naona kiwanja cha mama kizima kama nimekaa dirishani kwake. Siku ya kwanza nilicheka peke yangu mpaka mume wangu akaja kuuliza kuna nini.

Aliyenuna ni fundi saa. Magari sasa yalitakiwa yakae ndani ya mistari, yasisukumwe, kila moja juu ya kisahani chake. Alisema kidude hakijui kama mtu ana mgonjwa, kidude hakijui huyu anataka dakika mbili na yule siku nzima. Mimi, na ulimi wangu huu, nikamjibu mbele ya baraza zima kwamba mambo yake ya kusukumasukuma ndiyo yaliyomkalisha mama yangu chini mtaroni, na kwamba zama zake zimekwisha, simu haisemi uongo. Fundi akachukua saa ya mtu akaanza kuifuta kioo ambacho kilikuwa safi. Nilijua nimevuka mpaka, lakini kuomba radhi kwangu ni kazi kubwa kuliko kukoroga saruji, na wiki zikapita tunapeana salamu za mdomoni.

Ndipo ikaja harusi ya Bwejuu. Mama ana dada yake mmoja tu, anakaa Bwejuu, naye magoti yale yale. Walikuwa wanapigiana simu kila siku na kupiga kelele kama wanaitana baharini. Mjukuu wa huyo mama mkubwa anaolewa, na mtoto yule alilelewa na mama yangu miaka minne alipokuwa anasoma mjini. Mama aliwahi kumwahidi, yungali na meno ya utotoni, kwamba siku yake ya harusi atamvisha kikuba kwa mkono wake. Kikuba cha mama si mchezo: asmini, mrehani, langilangi, vimefungwa pamoja, vinanukia mpaka mtu akipita unageuka. Lakini kuahidi ni zamani. "Ntakifunga, utampelekea wewe," alinambia.

"Sipeleki," nikamwambia. "Utakwenda mwenyewe."

"Na nikikaa chini tena?"

Ah, swali lile! Nikamshika mkono, nikamfungulia simu, nikamwonyesha vile vijani na vyekundu. Nikamwambia hutoshuka ngazi mpaka mimi nimekwisha kuegesha. Nikamwapia. Akaitazama simu muda mrefu, akasema, "Kama kinasema kweli hicho kidude chako, basi nnakwenda." Nikahisi mwili mzima unacheka.

Siku yenyewe nikaamka na furaha. Saa mbili na nusu nipo Mtoni, nafungua simu: nafasi tatu kijani, na ya tatu ni mojawapo. Nikajipaka wanja, nikatia mafuta gari, nikashuka na barabara ya Bububu naimba. Muda ulikuwa wa kutosha: nikaha ni kabla ya adhuhuri, Bwejuu ni mwendo wa saa moja na kitu, tukitoka saa tatu tunafika bibi harusi hata hajavaa.

Nafika Darajani nafungua tena. Nyekundu tano. Sita. Nikasema haya, nifanye haraka. Taa za barabarani zikanikamata kidogo, natazama tena: saba. Halafu hapo hapo, mbele ya macho yangu, ile ya mwisho nayo ikageuka. Nane zote nyekundu.

Msomaji atasema si ungekwenda tu ukaangalia. Njia ya kuingia kile kiwanja ni ya upande mmoja, nyembamba, ukiingia na ukakosa nafasi unarudi kinyumenyume katikati ya misafara ya watalii. Nshawahi, nikaacha kioo cha pembeni ukutani kwa watu. Na zaidi ya hayo, mimi ndiye niliyesimama barazani nikatangaza kwamba simu haisemi uongo. Basi nikazunguka. Nikapita Mnazi Mmoja, nikarudi Darajani, nikapita tena. Kila nikisimama natazama: nyekundu nane. Hakuna gari inayotoka! Hata moja! Nikaanza kuwatukana wenye magari yale mmoja mmoja, na siwajui. Nilimpigia mama, simu inaita haipokelewi. Fundi saa namba yake ninayo, lakini nitampigia kwa uso gani? Nimwambie, hebu nisukumie gari za watu kidogo?

Saa nne ikapita. Jasho limeshaharibu wanja wote. Nilimfikiria mama kakaa pembezoni mwa kitanda na buibui lake, mkoba mapajani, kikuba kimelazwa kwenye jani la mgomba na asmini zinaanza kunyauka, anangoja simu yangu ya kumwambia ashuke. Au, toba, keshashuka! Hapo nikalia. Nasema kweli, nililia ndani ya gari, Darajani, mbele ya muuza ndizi. Kisha nikaiacha gari hapo hapo palipopatikana upenyo, nikaingia vichochoroni kwa miguu, nakwenda mbio, nguo ya harusi nimeishika kwa mkono, na maneno nimeshayapanga. Nilikuwa nakwenda kumwambia mama kwamba nimemvunja moyo tena.

Nikatokeza kiwanjani. Hapakuwa na gari hata moja.

Kwenye nafasi ya kwanza palikuwa na sufuria la urojo, lile kubwa la jirani yetu wa mlango wa mbele, limefunikwa sinia. Ya pili, gari la mkono la muuza madafu, halina madafu. Ya nne, viti viwili vya plastiki vimebebeshana. Ya tano, cherehani! Ya sita, mlango wa kuchonga ambao seremala bado hajaumaliza, kaulaza chali. Ya saba, pipa la maji. Ya nane, meza ya kioo ya fundi saa, na saa zake zote ndani. Na mwenye kila kitu kasimama pembeni ya kitu chake, kama siku ya mkaguzi.

"Mwalimu!" akaita jirani wa urojo. "Umechelewa wapi? Tumekuwekea nafasi tokea asubuhi!"

Jana yake, kumbe, mama alitangaza dirishani kwamba kesho anakwenda Bwejuu, mwanawe anakuja na gari saa tatu. Na kwetu mtu akitaka kumwekea mwenzake nafasi anaweka kitu. Msikitini unaweka tasbihi, maulidini unaweka mtandio, kiwanjani unaweka kiti. Kila mmoja alishuka na chake kwa mapenzi yake, akaona nafasi moja tayari ina kitu, akasema labda hicho cha mtu mwengine, nami niweke changu, kisije kikatokea chochote bi mkubwa akakosa. Mpaka nane zikajaa. Walizifukuza gari za watu asubuhi nzima! Na vile visahani vya chai, chini ya ardhi, vikahisi sufuria na cherehani na mlango, vikanipelekea habari kwa uaminifu mkubwa.

"Na ya tatu?" nikauliza, maana fundi alikuwa amesimama mbele yake, ameniziba.

Akasogea. Ya tatu, karibu na ukuta, ilikuwa na kiti cha mbao cha fundi mwenyewe, kile anachokalia kazini miaka yote. Juu ya kiti alikaa mama. Buibui la kutokea, viatu vya harusi, mkongojo kauweka baina ya magoti, kikuba mkononi ndani ya jani lake bichi. Alikuwa anacheka na watu. Alishuka mwenyewe saa tatu kasorobo, hatua khamsini na saba, simu kaiacha kitandani, na alipofika mwisho wa hatua zake palikuwa na kiti.

"Niliona kiti tu hakitoshi," fundi akaeleza, hanitazami, "mtu atakiondoa. Lakini akiwa kakaa bi mkubwa, nani atamwondoa?"

Nilitaka kusema mambo mengi. Nilianza na "Shikamoo fundi," na yeye akasema "Marahaba mwalimu." Nikamwambia nisamehe kwa yale maneno. Akanambia nenda kalete gari, harusi haitusubiri, na ukiiacha, usivute breki ya mkono. Watu wakaangua kicheko, na mimi nikacheka na machozi juu.

Niliporudi na gari wakaondoa vyombo vyao, sufuria kwanza, pipa, mlango watu wanne. Nilisimama mdomoni mwa kiwanja nimefungua simu, si kwa haja yoyote, nilitaka kuona tu. Kijani. Kijani. Kijani. Saba zikafunguka, ikabaki moja nyekundu, ya tatu. Saa nzima na nusu nilizunguka mji nikiitukana ile nyekundu, na ilikuwa ni mama yangu amekaa.

Bwejuu tulifika nikaha imeshapita lakini bibi harusi bado hajatolewa. Mama mkubwa alikuwa amewekewa kiti mlangoni, na hao madada wawili hawakusalimiana, walipiga vigelegele tu, mmoja ndani ya gari mmoja mlangoni, mpaka wavuvi wa upande wa pili wa njia wakaitikia. Asmini zilikuwa zimelegea kidogo pembeni. Mama akamvisha yule mtoto kikuba kwa mkono wake kama alivyosema, akamrekebisha mara tatu, akarudi nyuma kumtazama, akasema mashaallah.

Nilidhani mambo yataishia pale. Kesho yake, saa tatu na nusu, nipo skuli, nafungua simu kwa mazoea. Ya tatu nyekundu. Keshokutwa vile vile. Kumbe kile kiti fundi anakiweka pale pale kila asubuhi, na mama anashuka, anakaa mpaka jua linapopanda, anasimulia harusi. Mtu wa ndani! Baada ya wiki mbili akaja bibi mmoja wa ofisi ya maegesho na karatasi zake, akasema mtambo wao unaonyesha gari isiyo na namba inaegesha hapa kila siku, inaondoka saa tano, na haijulikani ya nani. Mama akamwambia, "Ndiyo miye hiyo." Yule bibi akamwamkia, akacheka mpaka akakaa kwenye baraza, akanywa kikombe cha urojo, akaandika kitu. Mama akamuuliza, "Umeniandika nini?"

"Nimekuandika mkaazi, bibi."

Tangu hapo simu yangu imekuwa ndiyo salamu yangu ya asubuhi. Wenzangu chumba cha walimu wanajua: ikigeuka nyekundu ya tatu, nakunywa chai.

Juzi haikugeuka. Saa tatu na nusu kijani, saa nne kijani. Chai ikapoa. Nikampigia, haipokelewi, nikampigia fundi, simu inatumika. Nshakamata ufunguo wa gari, nshamwambia mwenzangu anishikie darasa. Mlangoni nikatazama skrini mara ya mwisho. Ya tatu kijani bado. Lakini kule mwisho, ya nane, nyekundu.

Simu ikalia, namba ya fundi, sauti ya mama. "Ulikuwa unantafuta? Hapa pa ukutani jua lishafika mapema leo. Nkapita moja kwa moja, nkahamia ya nane, kivulini."

"Umepita bila ya kukaa?"

"Nikae juani, nina wazimu?"

Kutoka ya tatu mpaka ya nane ni hatua zake kumi na nne, nimezihesabu mwenyewe. Nikarudi kwenye kiti, nikajumlisha, nikajumlisha tena kama mtoto wa darasa la pili. Khamsini na saba na kumi na nne. Nikamwambia, "Mama, unajua umekwenda hatua sabini na moja?"

"Hebu nikatie simu," akasema, "fundi ananisimulia jambo."